Bi Mkubwa Aingia Kwaya

Mativo alikuwa akimalizia chai yake nje ya kibanda kimoja cha Buruburu alipomwona mwanamke akipita huku ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayeuguza jino. Mkono mmoja ulibeba sukuma wiki. Mwingine ulishika simu, kidole gumba kikiwa kimeukandamiza waya mahali unapochomekwa. Mwanamke yule alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, wimbo usio na mwanzo wala mwisho, wenye “aa” nyingi na maneno machache. Kabla hajafika kwenye duka la dawa, alitokea mwingine nyuma yake, kichwa kimeinama vilevile, akiimba kitu kisichohusiana kabisa na cha kwanza. Wa tatu alikuwa mwanamume mwenye mwili wa lori, naye alikuwa akinguruma.

Mtu wa kawaida angedhani mtaa umeingiliwa na maradhi. Mativo alikiweka kikombe chini polepole. Yeye aliona visikizi vitatu vibovu, na moyo ukamruka kama wa muuza miavuli anayesikia ngurumo.

Inafaa kazi ya Mativo ielezwe kwa utaratibu, kwa kuwa mwenyewe aliifanya kwa utaratibu. Aliishi Tassia, katika chumba cha ghorofa ya juu, na aliuza visikizi, vile vya kuchomeka ndani ya masikio, vya kusikilizia simu njiani. Alikuwa na aina mbili. Ya kwanza ilikuwa nyingi: maboksi yaliyofungwa kwa nailoni, yenye maandishi ya dhahabu, na ndani yake visikizi vilivyotoa sauti ya redio iliyozamishwa ndooni, kwanza kwenye masikio mawili, kisha kwenye moja, kisha kimya cha milele. Ya pili ilikuwa moja tu. Hii ilikuwa halisi. Ilifanana na zile nyingine kwa rangi na umbo, lakini ukiichomeka ungemsikia mpiga gitaa akivuta pumzi kabla ya kugusa uzi. Mativo aliipata zamani alipokuwa mhudumu hotelini. Husema aliachiwa na mgeni. Kwa usahihi zaidi, mgeni aliondoka na visikizi vikabaki.

Jozi hiyo aliiita Bi Mkubwa. Ilikaa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, ndani ya kikoba cha ngozi. Mteja alimwonja Bi Mkubwa, akapagawa, akalipa, akaondoka na boksi. Bila Bi Mkubwa, Mativo alikuwa mtu mwenye mkoba uliojaa takataka na mdomo mzuri, na watu wa namna hiyo Nairobi ina wengi kupita kiasi. Kwa hiyo alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuivunja: Bi Mkubwa halali nje.

Alimfuata yule mwanamke wa mboga.

“Mama, hujambo?”

“Sijambo. Na sinunui kitu.”

“Sijauza kitu.”

“Ndiyo maana nimesema mapema.”

“Kimekufa upande wa kushoto, sivyo?”

Mwanamke alisimama. “Umejuaje?”

“Kichwa chako kinamwegemea aliye hai.”

Alicheka bila kutaka kucheka, na hapo Mativo akajua mlango umefunguka kiasi cha kupenyeza mguu. Mwanamke huyo aliitwa Kaluki, mwenyekiti wa kwaya ya kanisa. Alieleza kwa uchungu. Mashindano ya kwaya yalikuwa yanakaribia. Mwalimu wao, Shiundu, alikuwa na mtindo wa kurekodi kila sauti peke yake, sopano, alto, teno na besi, kisha kumtumia kila mwimbaji sauti yake kwenye simu, ili ajifunze akienda kazini, akipika, akifua. Mtindo mzuri sana. Ila visikizi vyote walivinunua pamoja, kwa mtu mmoja, kwa bei ya kuchekesha, navyo vimeanza kufa pamoja kama vilivyonunuliwa.

“Mimi nasikia nusu ya alto,” alisema Kaluki. “Mwenzangu anasikia nusu ile nyingine. Tukikutana mazoezini tunaudhiana.”

“Mama, Mungu amenileta,” alisema Mativo, akimtwisha Mungu jukumu zito bila kumuuliza. “Naitwa Injinia Kevin. Niko upande wa mizigo, kule ndege zinakoshukia. Kuna visikizi vimekaa huko muda mrefu, havina mwenyewe.”

Kaluki alishusha sauti, na haikuwa kwa hofu. “Ni vya wizi?”

“Mama! Vinakosa karatasi tu.”

“Ah. Karatasi.” Mwenyekiti alipumua kwa faraja ya mtu aliyegundua kuwa dhambi aliyoiogopa ilikuwa jambo la ofisini. “Njoo Jumamosi mchana, ukumbi wa kanisa. Mazoezi huanza baada ya chakula.”

Jumamosi Mativo alifika amevaa kizibao cha manjano chenye mistari ya kung’aa na kitambulisho shingoni kilichogeuka nyuma mbele. Kwaya ilikuwa imekaa kwa sauti zake nne, kila kundi kwenye mabenchi yake, na katikati meza yenye kitambaa kilichofumwa. Alipanga maboksi mezani kwa heshima ya shemasi anayeandaa meza takatifu, kisha akamtoa Bi Mkubwa kikobani.

“Huyu ni wa kuonja,” alisema. “Ndugu zake wamo humo ndani. Baba mmoja, mama mmoja.”

“Kwa nini vina waya?” aliuliza Wacera, mweka hazina, mwimbaji wa sopano mwenye hereni kubwa. “Siku hizi watu wanapachika tu, hakuna kamba.”

“Vyako vya bila kamba viko wapi?” aliuliza Kaluki.

“Kimoja kiko nyumbani.”

“Na cha pili?”

“Kilianguka.”

“Kikaangukia wapi, Wacera?”

“Kaluki, tuko kanisani.”

Mabenchi yakaangua kicheko, na suala la waya likapita bila kupigiwa kura.

Lakini kwaya ile ilikuwa na desturi yake. Hakuna kitu kilichonunuliwa mpaka sauti zote nne zikubali. Sare walizichagua hivyo, na viti, hata sufuria ya chai. Kila sauti ilimtuma mtu wake mezani, na mtu huyo hakuhukumu mpaka ajaribu mwenyewe. Kwa hiyo Bi Mkubwa, aliyezoea sikio moja la pupa kwa wakati mmoja pale kando ya barabara, alijikuta akipitishwa kutoka mkono hadi mkono kama mtoto siku ya ubatizo, huku Mativo akimfuata nyuma na kitambaa, akipangusa.

Wacera alivua hereni, akasikiliza, akafumba macho. “Nasikia Mwalimu anapomeza mate,” alinong’ona.

Kaluki alitembea navyo hadi mlangoni na kurudi, mara mbili, akipiga hatua za kwenda sokoni. “Waya haukwaruzi nguo,” alisema. “Vile vya zamani, nikitembea nasikia nguo yangu kuliko alto. Na havitoki nikigeuka. Hapo sina neno.”

Wa teno naye akajaribu, akakubali. Ikafika zamu ya besi. Yule mtu wa lori aliitwa Mutisya, na ilibainika kwamba pamoja na ukubwa wake wote alikuwa na matundu ya masikio ya mtoto mchanga. Mpira wa kwanza wa kuvalisha kisikizi ulikataa kuingia. Wa pili ukachungulia, ukatoka. Mativo alipekua kikoba, akapata ule mdogo kuliko yote, akauvalisha. Ukaingia. Uso wa Mutisya ulibadilika taratibu, kama wa mtu anayeoneshwa shamba na kuambiwa ni lake.

“NAISIKIA BESI!” alipaza sauti.

“Nasi tunakusikia,” alisema Wacera.

“NI NZURI!”

“Mvueni jamani, kabla majirani hawajaja.”

Sauti nne zikakubali. Mativo alikuwa ameshaanza kufungua zipu ya mfuko wa pesa pale Kaluki alipochukua boksi moja, akaligeuza chini juu, akalisogeza kwake.

“Nifungulie hili, Injinia.”

Hapa ndipo wachuuzi wadogo hutokwa na jasho. Mativo alitabasamu kwa huruma.

“Mama, ningeweza. Lakini ningekuharibia. Visikizi vya kiwango hiki, vikitoka kiwandani, sauti yake huwa imelala.”

“Imelala.”

“Ndiyo, mama. Ukifika navyo nyumbani, unaviunganisha na simu, unaviweka kabatini, unaacha viimbe peke yake wiki nzima. Usivisikilize. Ukivisikiliza kabla havijaamka, besi inapotea na hairudi tena.”

“Kabatini.”

“Gizani, ikiwezekana.”

“Hilo ni kweli,” alisema mmoja wa sauti ya teno, akitikisa kichwa kwa ujuzi. “Nimewahi kusoma.” Kila kwaya ina mtu wa namna hiyo, na kila tapeli humwombea maisha marefu.

Kaluki alilirudisha boksi mahali pake, akalinyoosha lilingane na mengine.

“Sawa,” alisema. “Tutachukua ya kwaya yote. Lakini Mwalimu Shiundu hayupo, amekwenda mazishini. Atarudi jioni, na hapa hakuna kinachopita bila sikio lake. Tuachie hiki cha kuonja. Kesho baada ya ibada uje na maboksi ya kututosha sote, uchukue hela yako yote na kisikizi chako.”

“Hiki hakiachwi, mama,” alisema Mativo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa amesema ukweli mtupu.

“Hata mimi nisingeacha. Wacera, mletee Injinia kinanda.”

Wacera na Mutisya walitoka chumba cha nyuma wakiwa wamebeba mkoba mrefu mweusi wenye pedi nene na jina la kiwanda kikubwa kwa herufi nyeupe. Waliulaza juu ya benchi, na benchi likalia.

“Kaa na hiki kama amana,” alisema Kaluki. “Kinanda cha kufundishia. Ningekupigia usikie, lakini unaona mwenyewe, stima imepotea tangu asubuhi.”

Ilikuwa imepotea kweli. Feni zilikuwa zimening’inia kimya juu ya vichwa vyao. Kaluki alivuta zipu kiasi cha kiganja, na Mativo akaona vibonye vyeupe, kimoja baada ya kingine, na vyeusi vikiwa vimekaa juu yake, vimepangika vizuri, vinang’aa. Kisha zipu ikarudi.

Alijaribu kuuinua mkoba. Ulikuwa mzito kama kitu cha bei. Na ndani ya kichwa chake hesabu ilianza kujipiga yenyewe, bila kuombwa. Kinanda cha aina hiyo kingemnunulia Bi Mkubwa mwingine. Kingemnunulia wake wenza wawili, na kibanda cha vioo pale Shauri Moyo, chenye taa na kiti cha kuzunguka, akauze akiwa amekaa kama binadamu. Angewaachia Bi Mkubwa huyu na mashindano yao. Angebadilisha laini ya simu, akavua kizibao, na Injinia Kevin akafa kifo cha amani bila kuumwa popote.

Alitaka kuifungua ile zipu hadi mwisho. Lakini atafunguaje mkoba wa watu waliokubali kutofungua boksi lake? Hata ulaghai una adabu zake.

“Kwa sababu ni nyinyi,” alisema, akamweka Bi Mkubwa mkononi mwa Kaluki. Vidole vyake vilichelewa kidogo kuachia.

“Tutamtunza,” alisema Kaluki.

“Tutaonana kesho, mama,” alisema Mativo, akikusanya maboksi yake.

“Mungu akipenda.”

Mutisya alimsindikiza na mkoba hadi barabarani, akamsaidia kuupakia kwenye bodaboda, akampungia mkono. Watu wema kabisa. Mativo alikaribia kuwahurumia, ila hakuwa na nafasi.

Alifika Tassia jua likiwa bado juu. Alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, akafunga mlango kwa komeo, akaulaza mkoba kitandani na kuvuta zipu, safari hii hadi mwisho.

Kilikuwa kinanda kizuri sana. Vibonye vyeupe vilikuwa vya mjakaranda, vimesuguliwa kwa msasa laini na kupakwa nta. Vyeusi vilikuwa vya mpingo, na huko ndiko ulikotoka uzito. Pembeni palikuwa na vitufe na kioo cha kuonesha namba, vyote vimechongwa, hata namba zenyewe. Mativo alibonyeza kibonye kimoja. Hakikushuka. Akabonyeza cha pili kwa nguvu zaidi, kidole kikauma. Kinanda kizima kilikuwa mbao tupu, kimechongwa kwa subira na upendo na mtu anayeijua kazi yake, na kingedumu miaka mingi, na hakingelia kamwe.

Alikaa chini. Kisha akaipiga namba ya Kaluki aliyopewa ukumbini, kwa laini yake ya kweli.

“Mama Kaluki? Ni Injinia.”

“Injinia! Tulikuwa tunakutaja sasa hivi.”

“Mama, kile kinanda ni cha mbao.”

“Ndiyo. Mjakaranda na mpingo. Nzivo, mume wangu, ndiye aliyekichonga. Watoto hujifunzia vidole humo, maana kile cha umeme wakikigusa hatusikilizani.”

“Uliniambia ni kinanda!”

“Cha kufundishia. Nilikwambia hivyo, na Wacera yuko hapa, atakuwa shahidi.”

“Hakilii!”

“Na mimi nilisema kinalia? Nilisema stima imepotea. Kwani haikuwa imepotea?”

Nyuma yake kulisikika kicheko cha mabenchi mengi. Mativo alijikaza, akairudisha sauti yake ya kuuzia.

“Haya, mama. Utani umeisha. Nawaletea mbao yenu, mnipe visikizi vyangu.”

“Njoo, karibu sana. Uje na lile boksi, tulifungue pamoja mbele ya kwaya. Mutisya atakaa mlangoni, huwa anapenda hewa.”

Mativo aliyasukuma maboksi chini ya kitanda kwa mguu.

“Nitaenda polisi,” alisema.

“Nenda, mwanangu, ni haki yako. Utaandikisha kwa jina gani? Maana shemeji yake Wacera yuko huko kwenye mizigo, na Injinia Kevin hawamjui. Tumewatumia na picha yako tuliyopiga mazoezini. Iko pia kwenye kikundi cha simu cha mtaa, Buruburu Phase One hadi Five. Kizibao kimekutoa vizuri.”

“Ulijua tangu lini?”

“Nimelea watoto, Injinia. Mtoto akiniambia nisiingie chumbani kwa sababu kuna kitu kimelala, najua kuna kitu kimevunjika.”

Mativo alitafuta silaha ya mwisho, akaipata mahali asipokuwa na mazoea ya kutafuta. “Mama, hiyo ni dhambi. Nyinyi ni watu wa kanisa. Mmekaa na mali ya mtu.”

“Mali ya nani, mwanangu? Mimi naona kitu kinachokosa karatasi tu.” Kisha, kwa mtu aliye pembeni yake: “Mutisya, umemaliza? Mpe Wacera, sopano hawajaonja vizuri.” Na simu ikakatika.

Kwaya ile, ni lazima isemwe kwa ajili ya haki, haikujiona imekosa. Iliweka ratiba. Bi Mkubwa alikuwa akienda kwa sopano, akahamia kwa alto, teno na besi, akipumzika Jumapili, na kila aliyefikiwa na zamu alimwombea Injinia popote alipo. Hakuna aliyependekeza arudishwe.

Mativo alijaribu kuendelea na kazi. Alisimama Pipeline na maboksi yake, maneno yakatoka mdomoni yakiwa na meno yote, na wateja walikuja kama zamani. Ila kila mmoja alisema jambo lilelile: “Niaje, buda. Hebu nionje.” Na hapo maneno yakaisha. Siku moja alithubutu kufungua boksi. Kijana aliyechomeka visikizi alisikiliza kidogo, akavitoa, akavitazama, akamtazama Mativo kwa huruma, akaondoka bila hata kumtukana. Tusi lingemuuma usiku mmoja tu. Lakini huruma ile ilimuuma siku mbili.

Alirudi nyumbani, akakaa mbele ya kile kinanda. Alikitazama sana. Mafundi wawili wa mbao wa Shauri Moyo walikuwa tayari wamekisifu na kukataa kukinunua. Lakini tapeli aliyekomaa hakosi wazo kwa muda mrefu. Hukosa chakula kwanza. Kupitia ukuta alimsikia jirani yake Ndindi akigombana na majirani wengine kuhusu binti yake anayejifunza filimbi. Nyumba za Tassia zina kuta nyembamba, na kila anayepiga ala ya muziki humo anaipigia ghorofa nzima.

Mativo alisimama, akanawa uso, akachana nywele, akaenda kumgongea.

“Mama Ndindi, samahani. Nimesikia tatizo. Nina kitu ndani ambacho Ulaya wanakitumia kwenye nyumba za kupanga.”

Ndindi alimfuata kwa shaka, akakiona kinanda kimelala kitandani juu ya shuka safi, akazunguka upande wa pili, akakigusa kwa ncha ya kidole.

“Kizuri,” alisema. “Lakini hakitoi sauti.”

“Hapo ndipo penyewe, mama! Nani atagombana na wewe? Mtoto anapiga asubuhi, anapiga mchana, jirani hasikii hata nukta. Kwa nje ni kimya kabisa.”

“Na kwa ndani?”

“Kwa ndani ni muziki mtupu.”

“Sasa mtoto mwenyewe atasikiaje?”

“Kwa visikizi, mama,” alisema Mativo, na sauti yake ilikuwa imerudi yote, laini, tamu, isiyo na kwikwi. “Anayepiga anasikia peke yake. Ngoja usiamini maneno yangu, onja mwenyewe.”

Na mkono wake, wenyewe, ukapanda hadi kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, vidole vikaingia ndani, vikafika chini, vikagusa mshono. Vikabaki humo.

Ndindi alikuwa ameshaondoa leso kichwani, amelitega sikio, anasubiri.